Lugha ya Kwanza ya Jamhuri ya Tandawaa

Wanaosema kwamba Jamhuri ya Tandawaa haina maendeleo hawajahudhuria uzinduzi wake hata mmoja. Nchi nyingine hujenga daraja moja, zikalizindua mara moja, basi, furaha imekwisha. Tandawaa ililizindua Daraja la Mto Nyakera mara nne, kila mara kwa ngoma na utepe mpya, na hadi leo watu wanauvuka mto huo kwa kuvua viatu, jambo ambalo wataalamu wa serikali wanasema ni zuri kwa nyayo.

Nchi hiyo ina Wizara ya Uzinduzi, yenye ghorofa tisa na lifti mbili. Ilikuwa na Wizara ya Umaliziaji pia. Nayo ilizinduliwa vizuri sana, ila jengo lake lilipofika kwenye linta, juu tu ya madirisha, lilipumzika, na sasa mbuzi wa mtaa wa pili hulala humo bila kubughudhiwa na mtu.

Mambo yote hayo yanaongozwa na Sheria ya Mambo ya Kwanza. Sheria yenyewe ni fupi. Inasema kwamba jambo lolote linalofanyika kwa mara ya kwanza sharti lizinduliwe na mgeni rasmi, na neno atakaloliandika mgeni rasmi siku hiyo haliguswi na mtu yeyote. Ndiyo maana ipo shule moja kule kaskazini ambayo jiwe lake la msingi limeandikwa "Zahanati". Mgeni rasmi siku ile alikuwa na shughuli mbili, akachanganya karatasi. Serikali haikuligusa jiwe. Iliwabadilisha walimu vyeo wakaitwa waganga, na tangu hapo watoto wa shule hiyo hawafaulu mtihani, hupata nafuu.

*

Katika nchi hiyo yenye baraka alikuwepo mwanamke aitwaye Sikudhani Habili, karani wa chumba cha dawa katika hospitali ya wilaya ya Kwamtungo. Kazi yake ilikuwa kupokea dawa zinapoingia. Kwa kuwa dawa hazikuwa na tabia ya kuingia, alikuwa na nafasi ya kufikiri, na kufikiri kazini ni chanzo cha matatizo mengi ya utumishi wa umma.

Aliyemfikirisha zaidi ni baba yake. Mzee Habili aliishi Migombani, nyuma ya milima, na alikuwa mgonjwa wa kisukari wa miaka mingi. Insulini haihifadhiki Migombani kwa sababu hakuna umeme wa kuipoza, hivyo kila mwezi mzee alipanda lori la ndizi nusu siku nzima, kisha akatembea kutoka barabara kuu hadi hospitalini. Akifika, mara jokofu lina dawa, mara lina soda za mganga mkuu. Mwaka ule alikuwa amekuja mara sita, na mara nne alikuta soda.

Mara ya mwisho alianguka kwenye ngazi. Alipozinduka, Sikudhani alikuwa akimpepea kwa faili la mgonjwa mwingine.

"Mwanangu," alisema, "ningejua hamna, ningeteremkia upande wa pili, kule hospitali ya misheni. Si mbali sana. Mimi silalamikii dawa. Nalalamikia kutojua."

Maneno hayo hayakumtoka Sikudhani akilini. Kule Migombani alikuwepo Bi Nyamizi, muuza vitumbua, ambaye simu yake ilikuwa na intaneti na alikuwa tayari kumsomea mtu chochote, hata asipoombwa. Sikudhani akawaza kutengeneza tovuti. Tovuti yenyewe ya ukurasa mmoja tu, na ukurasa wenyewe wa mstari mmoja: leo dawa ipo, au leo dawa haipo. Bi Nyamizi asome, baba ajue pa kwenda.

Kompyuta ilikuwepo pale kazini, ikitumiwa kuchezea karata. Saa za chakula cha mchana Sikudhani akaanza kujifunza kuandika programu. Alijaribu lugha iitwayo Paithoni, akaandika mistari mitano, akabonyeza, na kioo kikamwambia kwamba kuna kosa mstari wa nne. Akautazama mstari wa nne. Kweli, alikuwa amesahau alama moja. Akairekebisha, programu ikakubali. Aliunakili ule ujumbe wa kosa kwenye daftari lake, kwa kuwa katika miaka kumi na miwili ya utumishi alikuwa hajawahi kuambiwa kosa lake bila kutajiwa ukoo wake.

Angeendelea hivyo hivyo, leo tusingekuwa na hadithi. Lakini alisoma mitandaoni watu wakigombana kuhusu lugha ya kuanzia. Mmoja aliapa kwa Paithoni. Mwingine akasema asiyeanza na Javaskripti anapoteza ujana wake. Wa tatu aliitetea PHP kwa maneno ambayo hayaandikiki. Sikudhani akachanganyikiwa, na katika kuchanganyikiwa kwake akafanya kosa ambalo hata Paithoni isingeweza kulirekebisha. Akaiuliza serikali.

*

Barua yake ilikuwa na sentensi mbili. Ya kwanza ilisalimia. Ya pili iliuliza: kwa mtu anayetaka kutengeneza tovuti ndogo ya hospitali, lugha ya kwanza kujifunza iwe ipi?

Mganga mkuu alipolisoma neno "kwanza" aliiweka barua chini taratibu, kama mtu aliyeokota kitu kinachoweza kulipuka, akaipeleka mkoani. Mkoa ukalipigia neno hilo mstari mwekundu. Wizara ya Afya ikalipigia mistari miwili. Barua ilipofika Wizara ya Uzinduzi, neno lenyewe halikusomeka tena kwa wingi wa wino, lakini uzito wake ulijulikana. Ikagundulika kwamba taifa zima halina lugha ya kwanza ya tovuti, wala haijazinduliwa, na kwamba raia wamekuwa wakijifunza kiholela.

Ikaundwa Tume ya Taifa ya Kuchagua Lugha ya Kwanza. Mwenyekiti wake alikuwa Waziri wa Uzinduzi mwenyewe, Mheshimiwa Pankrasi Gombanila, mtu mnene mwenye tabasamu la kudumu, aliyekata tepe nyingi hata akawa anasafiri na mkasi wake ndani ya kasha la mahameli. Katibu alikuwa Bwana Idrisa Mtunguja, ambaye kazi yake ilikuwa kujua Mheshimiwa anafikiri nini kabla Mheshimiwa hajafikiri. Na kulikuwa na Leokadia, mhandisi, mjumbe pekee aliyewahi kuandika programu. Kwa sababu hiyo alipewa kazi ya kusimamia vipaza sauti, ili utaalamu wake usije ukaathiri maamuzi.

Sikudhani aliletewa majibu mafupi. Alipongezwa kwa uzalendo wake, na akaamriwa aache kujifunza mara moja, asije akaijua lugha kabla ya taifa.

Tume ilifanya kazi miezi kumi na mmoja. Ilikwenda ng'ambo mara tatu kuziona lugha hizo zinakoishi, ikarudi na picha za mabwawa ya kuogelea. Iliandaa vigezo: lugha iwe na umri wa kutosha, iwe na heshima, na isiwe na historia ya kujibizana na wakubwa. Katika miezi hiyo hiyo Mzee Habili alishuka kutoka Migombani mara kumi, akarudi mikono mitupu mara saba, na safari moja alirudi akiwa amelazwa juu ya ndizi.

*

Siku ya usaili wa lugha, ukumbi wa wizara ulijaa hadi kwenye korido. Sikudhani aliitwa kutoka Kwamtungo, akakalishwa kiti cha mbele, na kifuani akabandikwa kitambulisho kilichoandikwa "Mwananchi".

Utaratibu ulikuwa wa haki kabisa. Kila lugha ingepewa mstari mmoja, ulioandikwa na Mheshimiwa kwa mkono wake, kwa kuwa ndiye atakayeizindua, kisha tabia ya lugha hiyo itazamwe.

Ilianza Paithoni. Mheshimiwa akaandika, kwa kidole kimoja, agizo la kulichapa jina lake pamoja na vyeo vyake. Vyeo vilikuwa vingi, na alipofika mwisho alikuwa amesahau kufunga mabano aliyoyafungua mwanzo. Akabonyeza. Kioo kikasema kuna kosa mstari wa kwanza, na chini yake kikachora kishale kuonyesha mahali penyewe.

Bwana Mtunguja alisogea kwenye kioo, akavaa miwani, akauliza kwa sauti ya chini kishale kile kimemwelekea nani. Leokadia akasema kimeelekea kwenye mabano. Katibu akaandika kwenye karatasi yake kwamba lugha hii inawanyooshea wakubwa kidole, ikatolewa.

Ikaja PHP. Mheshimiwa akaandika mstari ule ule, na lugha ikajibu kwamba imekutana na kitu ambacho haikukitarajia. Hapo ofisa wa usalama alisimama. Akataka kujua lugha hiyo ilikuwa wapi, maana ziara ya Mheshimiwa ilikuwa imetangazwa redioni wiki nzima. Nayo ikatolewa, na jina lake likaandikwa pembeni kwa uchunguzi zaidi.

Javaskripti ilianza kwa kupendwa, kwa sababu haikulalamika. Mheshimiwa aliamua kuijaribu kwa hesabu. Aliandika umri wake, hamsini na tisa, ambao amekuwa nao kwa miaka minane, akauwekea alama za kunukuu pande zote mbili, kama magazeti ya Tandawaa yanavyotakiwa kuandika umri wa viongozi. Kisha akajumlisha moja. Leokadia alijaribu kueleza kwamba kilichowekewa alama hizo lugha hukichukua kama maneno, si tarakimu, kwa hiyo itakibandika tu pembeni, lakini kipaza sauti chake kilikuwa mbali. Kioo kikaonyesha 591. Mtu mmoja nyuma akasikika akipiga hesabu ya tarehe ya kustaafu. Lugha ikatolewa, na yule mtu pia.

Mwisho ikaletwa HTML. Mheshimiwa alikuwa amechoka na amekasirika. Akafungua alama ya kichwa cha habari, akaandika "MHESHIMIWA", akaongeza maneno mengine yoyote yaliyomjia, hakufunga kitu, akabonyeza kwa nguvu.

Kioo hakikusema neno. Kilionyesha kila alichoandika, na kwa kuwa kichwa cha habari hakikufungwa, kila kitu kilitokea kwa herufi kubwa nene, hata tarehe, hata mahali alipojikwaa akabonyeza koma saba.

Makofi yalianza safu ya mbele, yakaenda hadi korido. Taifa lilikuwa limepata lugha inayokubali kufunguliwa bila kufungwa.

"Hii ina malezi," alisema Mheshimiwa.

Leokadia akaacha vipaza sauti vyake, akaja mbele. "Mheshimiwa, hii ni nzuri, na kila mtengeneza tovuti ataihitaji. Ila si lugha ya programu. Inapanga maneno ukurasani, basi. Haihesabu, haiulizi, wala haijui kama ulichoandika ni kweli."

"Mhandisi," alisema Mheshimiwa kwa upole wa mtu aliyeshinda, "nchi hii ina watu wa kutosha wanaojua kama nilichoandika ni kweli. Nao tunawashughulikia. Sasa unataka niongezewe na mashine?"

Mwananchi akapewa nafasi ya kushukuru. Karatasi ya shukrani alikuwa ameandikiwa na Bwana Mtunguja, lakini Sikudhani aliikunja. Hasira ilikuwa imempanda, na alisema haraka kabla haijamwisha. Alisema yeye anataka ukurasa mmoja tu, unaosema dawa ipo ikiwepo, na haipo isipokuwepo.

Mheshimiwa akainamisha kichwa kama anayemsikiliza mtoto. "Na ukisema haipo, nani atakuwa amekosea?"

Ukumbi mzima ulimtazama Sikudhani. Akaketi.

*

Alikuwa kwenye korido akitafuta njia ya kutokea, machozi yakimlengalenga, Leokadia alipomshika mkono.

"Dada, sikiliza. Hawa wamefanya lugha ya kuanzia kuwa ndoa, na si ndoa. Utaanza na moja, utaongeza nyingine, utaisahau ya kwanza. Anza na hii hii waliyokupa. Kila asubuhi fungua jokofu, tazama, halafu andika kwa mkono wako: ipo, au haipo. Mstari mmoja. Kwa hilo hata HTML inatosha."

Ushauri huo ulichukua muda wa kumenya chungwa. Ndicho alichokuwa ameuliza kwenye barua. Sikudhani akacheka huku akijifuta machozi, wakapeana namba za simu, na njia nzima ya kurudi Kwamtungo alikuwa na furaha. Lugha haikuwa tatizo. Kumbe haikuwa tatizo hata siku moja.

Wiki iliyofuata Mheshimiwa alikuja kuzindua. Tovuti ilikuwa ndani ya kompyuta, na kompyuta ilikuwa imefungwa utepe. Kwa ajili ya picha, lililetwa jokofu jipya lenye kioo mlangoni, na ndani yake katoni zima la insulini. Wagonjwa waliokuwa kwenye benchi waliliangalia jokofu lile kama watu wa jangwani wanavyoangalia mvua. Mheshimiwa akakata utepe, akaketi, akafungua kichwa cha habari, na kwa kidole kimoja akaandika mstari wa kwanza wa taifa: DAWA IPO.

Hakufunga. Makofi yakapigwa. Baada ya picha, vijana wa itifaki wakalibeba jokofu pamoja na katoni, wakapakia kwenye gari, kwa sababu keshokutwa kulikuwa na uzinduzi katika wilaya nyingine, na huko nako jokofu lisingeweza kuonekana tupu. Katoni lile moja lilikuwa na ratiba ya kuzunguka wilaya kumi na nne.

Asubuhi iliyofuata Sikudhani alifungua jokofu la zamani. Akakuta soda. Akaketi kwenye kompyuta, akafuta neno moja, akaandika DAWA HAIPO. Simu ililia kabla hajanyanyuka.

"Bi Sikudhani," ilisema sauti ya Bwana Mtunguja, bila ukali wowote, "umevunja jiwe la msingi."

Alijaribu kueleza kwamba jokofu ni tupu. Katibu akasema hakuna anayebishana kuhusu jokofu. Jokofu halijazinduliwa, linaweza kuwa na chochote. Ukurasa ndio uliozinduliwa. Kisha akamkumbusha kwamba nafasi yake ya ukarani ina waombaji mia mbili, na akamwambia atabaki kwenye simu mpaka aone neno IPO limerudi.

Sikudhani akarudisha. Kwa vidole vyake mwenyewe akaandika IPO, herufi moja baada ya nyingine, na HTML ikaipokea bila neno, kama ilivyopokea ile nyingine. Alijiambia kwamba safari ya baba bado iko mbali. Alijiambia kwamba atampa salamu dereva wa lori la ndizi. Na kweli alimpa, akamwambia amwambie mzee asije, ateremkie misheni. Lakini siku zote hizo alikuwa hapati raha ya kula, na alikuwa akijua sababu.

*

Mzee Habili alifika siku ya Alhamisi, kabla ya adhuhuri. Alikuwa amekauka midomo, na hatua zake zilikuwa fupi fupi. Sikudhani alimwona kupitia dirisha la dawa, akatoka mbio hata akaacha kiatu kimoja mlangoni.

"Shikamoo, baba. Dereva hakukuambia?"

"Marahaba. Aliniambia." Mzee alishika ukingo wa benchi, akaketi kwa shida. "Alisema usije, hamna. Lakini Bi Nyamizi akafungua simu, akanisomea kwamba ipo. Nikasema dereva anaweza kukosea. Hapo alipoandika mwanangu hapana kosa."

Sikudhani alisimama mbele yake na kiatu kimoja. Angekuwa ametukanwa, angejibu. Angekuwa amepigwa, angelia. Aliaminiwa, na hilo hakuwa na dawa yake.

Mzee akaanza kupumua kwa kasi. Muuguzi aliyempima sukari alitazama kipimo, akamtazama Sikudhani, akasema kwamba misheni kwa sasa ni mbali mno, hatafika. Sikudhani akampigia Leokadia na kumuuliza katoni liko wapi leo. Leokadia akasema liko naye, Mbarikwa, alikokwenda na vipaza sauti vyake, uwanja wa hospitali, uzinduzi unaanza saa saba.

Mbarikwa ni mwendo wa saa moja. Gari la wagonjwa la Kwamtungo lilikuwepo, limeegeshwa kivulini, likisubiri kuzinduliwa tangu mwezi wa pili. Sikudhani akamwambia dereva awashe. Dereva akasema hiyo itakuwa safari ya kwanza ya gari, na mgeni rasmi hayupo. Sikudhani akamwambia kwa sauti ndogo sana kwamba asipoliwasha yeye, ataliwasha mwenyewe, na hajui kuendesha. Dereva akawasha.

*

Uwanja wa Mbarikwa ulikuwa umepambwa. Wagonjwa wa kisukari wa wilaya nzima walikuwa wameletwa kukaa juani kama umati. Jukwaani, Mheshimiwa Gombanila alikuwa kwenye ukurasa wa tatu wa hotuba ya kurasa kumi na nne. Nyuma yake kulikuwa na kioo kikubwa, na kwenye kioo ukurasa wa Kwamtungo, kama mfano wa mafanikio: DAWA IPO. Kando ya jukwaa, chini ya mwavuli, lilikaa jokofu lenye kioo, na utepe umelizunguka kiunoni.

Sikudhani alimshusha baba yake, akampitisha katikati ya umati, akalifikia jokofu. Hakuwa na mkasi, akausukuma utepe chini kwa mkono, ukaanguka. Akafungua mlango.

"Bibi," alisema Bwana Mtunguja, akija mbio kwa ncha za vidole ili asiharibu hotuba, "dawa hiyo haijazinduliwa."

"Naizindua," alisema Sikudhani.

Mzee Habili alikuwa na bomba lake la sindano mfukoni, kama kawaida ya wagonjwa wa siku nyingi. Macho yake hayakuisoma vizuri mistari ya bomba, hivyo bintiye alivuta dawa kutoka kwenye kichupa, akampa, na mzee akafunua shati akajidunga mwenyewe mbele ya taifa. Bwana Mtunguja aligeuza uso. Alikuwa hajawahi kuona dawa ikitumika, na ilimshtua.

Mwanamke mmoja kwenye umati akanyanyuka juani, akaja akasimama nyuma ya mzee. Akaja mwingine, akamfuata mtu mwenye magongo. Hakuna aliyepiga kelele. Wagonjwa wa Tandawaa wanajua kupanga foleni, ndilo jambo pekee ambalo serikali imewapa mazoezi ya kutosha. Muuguzi wa Mbarikwa akatazama jukwaani, akatazama foleni, akafungua boksi la sindano. Mheshimiwa, ambaye hotuba ilikuwa imemziba macho, aliendelea kueleza maana ya mwanzo. Alipofika ukurasa wa kumi jokofu lilikuwa tupu, na kwa mara ya kwanza katika historia yake lilikuwa tupu kwa sababu dawa ilikuwa imeingia kwenye miili ya wagonjwa.

Ndipo Leokadia alipomwita Sikudhani kwa mkono, akampisha kitini kwenye kompyuta. Sikudhani akafuta maneno ya Mheshimiwa, akaandika: DAWA HAIPO KWAMTUNGO. MSIJE. NENDENI MISHENI. Akafikiri kidogo, akaongeza: HATA JUZI HAIKUWEPO. NILIANDIKA UONGO. SIKUDHANI HABILI, KARANI.

Akabonyeza. Kwa kuwa kichwa cha habari hakikuwahi kufungwa, maneno yote yalitokea kwa herufi kubwa nene, juu ya kichwa cha Mheshimiwa, yakasomwa na uwanja mzima. Huko Migombani Bi Nyamizi aliyasoma kwa sauti mbele ya watu watatu waliokuwa wamekwisha kufunga vifurushi vyao. Wakavifungua, wakanywa chai, wakateremkia upande wa pili.

*

Jamhuri ya Tandawaa si nchi ya kuonea watu. Sikudhani alishtakiwa kwa utaratibu. Mashtaka yalikuwa kuanza kabla ya mgeni rasmi, na kuandika ukweli juu ya maandishi yaliyozinduliwa. Tume ya nidhamu ilimpata na hatia kabla ya chai, ikaamua afukuzwe kazi mara moja.

Lakini Bwana Mtunguja, ambaye ni mtu makini, alipekua majalada ya miaka yote akagundua kwamba hakuna mtumishi aliyewahi kufukuzwa kwa kosa hilo. Kufukuzwa kwake kungekuwa kwa kwanza. Sharti kuzinduliwe. Ikaandikwa barua ya kumwalika Mheshimiwa awe mgeni rasmi, ikaagizwa ngoma, ukashonwa utepe wa kufungwa kwenye mlango wa chumba cha dawa. Mheshimiwa alikubali kwa furaha, ila alipofungua kitabu cha ratiba aliona kwamba miaka sita ijayo imejaa.

Kwa hiyo Sikudhani bado yuko kazini, akisubiri kufukuzwa rasmi, na mtu anayesubiri jambo rasmi sheria hairuhusu aguswe. Kila asubuhi saa moja na nusu hufungua jokofu, akatazama, akaandika alichokiona. Siku nyingi ni HAIPO. Mzee Habili hunywa uji wake, humsikiliza Bi Nyamizi mpaka mwisho, kisha huvaa viatu na kwenda kule alikoambiwa na mwanawe.